Mmetupangia Kwenda, Tupangieni na Kurudi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Baraza la Magavana na Bodi za Utumishi wa Umma za Kaunti za Magharibi

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni muuguzi, na mume wangu ni muuguzi. Tumerudi nyumbani baada ya kufanya kazi Uingereza kwa mkataba wa miaka 3, yeye kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, mimi kwenye kitengo cha figo. Naandika kwa niaba yetu sote wawili, ingawa yeye angependa barua hii iwe fupi zaidi.

Hatuandiki kuilalamikia Uingereza. Walitulipa walichoahidi, tarehe waliyoahidi. Tunaandika kwa sababu hatumalizi wiki bila kupigiwa simu na mtu wa Vihiga, Siaya, Busia au Kakamega akiulizia njia ya kwenda, na wengi wao ni watu wa ndoa, mke na mume wote wa afya. Njia ya kwenda tunawaeleza yote, kuanzia mtihani wa Kiingereza hadi koti la kununua. Wakiuliza njia ya kurudi ikoje, tunakosa la kuwaambia, kwa maana hakuna aliyeitengeneza.

Ombi letu tuliseme mapema, msije mkachoka kabla ya kulifikia. Kila mpango wa kumpeleka mhudumu wa afya ng'ambo kwa muda uwe na sehemu ya kurudi, iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwajiri wa nyumbani kabla mtu hajapanda ndege. Na kama aliyeitwa ana mke au mume kwenye utumishi huo huo wa afya, karatasi hiyo iwataje wote wawili.

Mnakumbuka mambo yalivyoanza. Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ziarani London, Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya. Yaliwalenga waliosoma, wakafuzu, na wakakosa kazi hapa nyumbani. Kwa karatasi hakuna aliyepunjwa: muuguzi asiye na kazi anapata kazi, Uingereza inapata mikono, na baada ya muda muuguzi anarudi Kenya na ujuzi ambao Kenya haikuulipia. Hata kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine zinahimiza mwendo wa namna hiyo, wa kwenda na kurudi, ili nchi zote mbili zifaidike.

Kisha mwaka huo huo Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10. Nchi nzima ikatucheka. Redioni, kwenye matatu, hata kanisani, muuguzi akawa mtu asiyejua Kiingereza. Mtihani wenyewe, kwa taarifa yenu, unataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, na ninawajua watu wenye vyeo wasiofika hapo. Lakini hilo lilipita. Kilichotuumiza ni kwamba mjadala wote uliishia uwanja wa ndege. Nani atapita, nani ataondoka, atatuma pesa ngapi. Siku ya kurudi haikumpata mtu wa kuiulizia.

Sasa tazameni ndoa yetu ilivyoingia katika mpango huo. Mume wangu alikuwa amemaliza diploma ya uuguzi na kuzunguka miaka akifanya lokamu, zamu za kulipwa kwa siku katika kliniki za watu binafsi, leo Kondele, kesho Ahero, keshokutwa hapana. Mimi nilikuwa na kazi ya kudumu katika kaunti moja ya magharibi. Sitaitaja, maana nikiitaja nyingine zote zitaona barua haziwahusu. Yeye alifaa kwa mpango kwa sababu hakuwa na kazi. Mimi sikufaa kwa sababu ninayo. Ndoa ni moja na serikali ni moja, lakini faili zetu zilikuwa kwenye makabati mawili yasiyofunguliwa pamoja.

Sheria ya Uingereza yenyewe haikuwa kikwazo. Muuguzi anayepewa viza ya kazi za afya anaruhusiwa kwenda na mwenzake wa ndoa, na mwenzake huyo anaweza kufanya kazi. Isitoshe, anayemfuata mwenzake hafungwi na mwajiri mmoja, tofauti na aliyedhaminiwa, ambaye akiachana na hospitali iliyomleta huwa na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa hiyo mke na mume wauguzi wanaweza kukaa mji mmoja, mmoja kwa udhamini na mwingine kama mwenza, akajisajili kule na kuajiriwa pia. Hilo ni jambo la kawaida kwa Wahindi wa Kerala tuliofanya nao kazi. Wodi moja ilikuwa na mke, mume na shemeji. Kwetu watu wanaligundua kwa kuulizana kwenye simu.

Kikwazo kilikuwa hapa. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, muuguzi wa wodini ni mwajiriwa wa kaunti, ila mikataba na nchi za nje inatiwa sahihi na serikali ya kitaifa. Zamani, wazee wetu kazini wanatuambia, mke aliyetaka kumfuata mume aliandikia wizara, na wizara ikiamua kumhamisha kutoka Kakamega hadi Mombasa alihamia. Siku hizi hata kutoka Mbale ya Vihiga kwenda Kisumu, safari ya matatu moja, unahitaji kaunti mbili zikubaliane, na mara nyingi utafute mtu wa kubadilishana naye. Sasa fikirieni mtu anayeomba kwenda Leeds.

Niliomba likizo bila malipo. Barua ilitoka kwa msimamizi wa wauguzi ikaenda kwa mkuu wa hospitali, ikaenda makao makuu ya kaunti, ikapotea, nikaiandika tena. Afisa mmoja, si mtu mbaya, aliniambia kwa upole: "Sista, kama ni kumfuata mzee, si uandike tu ya kuacha kazi? Ukirudi utaomba upya kama wengine." Nikakataa. Mwishowe nikapewa mwaka mmoja, na maneno ya mdomo kwamba nikiomba kuongezewa nitaongezewa. Niliomba nikiwa huko, kwa barua pepe na kwa barua ya mkono aliyoipeleka shemeji yangu na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuja. Niliporudi, faili langu lilikuwa limeandikwa kwamba nimetoroka kazi.

Ile nakala yenye muhuri ninayo hadi leo. Kesi yangu, naambiwa, inashughulikiwa.

Watoto tuliwaacha Seme, kando ya ziwa, kwa dani, mama yake mume wangu. Tungeweza kwenda nao, lakini mkataba wa muda mfupi hauwafai watoto wa shule: unamng'oa mtoto kwenye mtaala huu, unampanda kwenye ule, na akianza kushika unamrudisha. Wengine wameamua vingine na hatuwahukumu. Ila serikali inayotoa mkataba wa muda ijue kwamba gharama yake nyingine hubebwa na mama mkongwe mwenye miguu inayovimba, anayejifunza kutuma picha kwa simu ili mwanawe aone ripoti ya shule. Dani hatajwi kwenye makubaliano yoyote. Hata bima ya afya, kwa wenzetu wengi, ilikatika pale peslipu ilipokatika, na mtu yuko kazini akihudumia wagonjwa wa nchi nyingine huku mzazi wake akiuguzwa kwa michango ya harambee.

Sasa niseme tulichokipata, kwa sababu ndicho kinachopotea.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa miaka huunganishwa vena na ateri kwa upasuaji, kwa kawaida mkononi, ili mshipa unenepe na kuhimili sindano mbili nene kila anapokuja, moja ya kutoa damu, nyingine ya kuirudisha. Kabla ya kuchoma unaweka vidole juu ya mshipa na unausikia ukinguruma chini ya ngozi. Ukiwa kimya, huchomi. Unamtafuta daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Sindano hazirudishwi ovyo kwenye tundu lile lile. Unapanda nazo mshipa hatua kwa hatua, la sivyo sehemu moja inalegea, inavimba, na siku moja inapasuka mgonjwa akiwa nyumbani. Mirija unaijaza maji ya chumvi na kuigonga mpaka hewa yote itoke, kwa maana kiputo kinachoingia kwenye damu kinaweza kuua. Na asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala kitandani, unapima klorini kwenye maji ya mtambo, kwa sababu katika saa 4 damu ya mtu mmoja hupitishwa karibu na maji yanayozidi lita 100, yakitenganishwa na utando tu. Maji yakiwa mabaya, utajua kwa mgonjwa.

Niliyafanya haya zamu baada ya zamu hadi mikono ikayajua yenyewe. Baadaye nikapewa kazi ya kuwafundisha wagonjwa kujichoma na kujisafisha damu nyumbani kwao, jambo ambalo nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mume wangu kwa upande wake alifundishwa kumwachisha mgonjwa mashine ya kupumulia kidogo kidogo, kumlaza kifudifudi mapafu yakikataa, na kusoma karatasi za damu usiku wa manane bila kumwamsha daktari. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwenye semina ya siku 2 hotelini, hata kama hoteli ina bwawa la kuogelea.

Tulitembea pia, tusiseme tulifanya kazi tu. Siku za likizo zetu zilipokutana, na haikuwa mara nyingi maana wodi mbili hazina kalenda moja, tulipanda treni hadi Edinburgh tukaona ngome juu ya mwamba, tukaenda pwani ya Whitby ambako watu hula samaki na chipsi wamesimama kwenye upepo na kusema hali ya hewa ni nzuri. Mume wangu alimkagua yule samaki kwa macho ya mtu wa Seme na hakusema kitu. Nayaeleza haya kwa sababu mke na mume walio pamoja hustahimili. Tuliwaona wenzetu waliokwenda peke yao, mwenzake yuko Bungoma, wakitoka zamu ya usiku na kurudi chumba chenye kitanda, kiti na simu. Ndoa zilivunjika mbele yetu. Wengine waliacha kazi kabla ya muda. Anayetaka muuguzi amalize mkataba na arudi, amruhusu aende na wake.

Kwenye chumba cha chai tulikaa na Wafilipino, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika kidogo. Nchi yao huwapeleka watu nje kwa wingi, na mabaya yake wanayajua. Lakini kabla ya kuondoka kuna mafunzo ya lazima ya serikali kuhusu haki na wajibu wa anayekwenda. Kuna wizara nzima ya wafanyakazi walio nje. Na nchi yao ina mkataba wa hifadhi ya jamii na Uingereza, ambao Kenya haina. Faida yake iko hivi. Kila mwezi mshahara wetu ulikatwa mchango wa bima ya taifa ya Uingereza. Ili upate chochote katika pensheni ya serikali kule, unahitaji miaka 10 ya michango. Mtu wa mkataba wa miaka 3 hafiki, na hakuna makubaliano ya kuunganisha miaka yake ya kule na ya hapa. Pensheni ya hospitali nayo, ukitoka kabla ya miaka 2 unaweza kurudishiwa michango yako, ukipitisha miaka 2 inabaki huko hadi uzeeni. Na kwa miaka hiyo hiyo, pensheni yangu ya kaunti haikuingia shilingi. Sisi wawili tumefanya kazi kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yetu, na kwa hesabu ya uzeeni Kenya inatuona kama tulikuwa tumelala.

Hapa ndipo ninapomgeukia Waziri. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na kila hotuba inalitaja hilo kwa majivuno. Mnapokaa tena mezani na Uingereza, au na Ujerumani ambayo mlitia nayo sahihi makubaliano ya ajira Septemba 2024, hilo la hifadhi ya jamii liwe kwenye ajenda. Halihitaji bajeti ya ujenzi wala kukatwa utepe, na labda ndiyo sababu halipendezi.

Magavana, sasa ni zamu yenu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kusambaza mitambo ya kukodi katika hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Mashine za kusafisha damu zilikuwa humo. Seneti ilipouchunguza mpango ule ilikuta kuna hospitali ambako mitambo ilikaa bila kazi, kwa kukosa wataalamu, au maji, au umeme. Mashine zilipangiwa safari, watu wa kuziendesha hawakupangiwa. Leo hii kuna hospitali ya kaunti, siitaji, ambako muuguzi aliyefunzwa mashine vizuri ni mmoja. Huyo dada hawezi kuugua. Akienda matanga, ratiba ya wagonjwa inasogezwa, na mgonjwa wa figo si mtu wa kusogezewa ratiba. Baadhi yao hujikusanya na kuja Kisumu, wanatoka kando ya ziwa saa tisa usiku ili wawahi kitanda cha asubuhi, wanarudi jioni kwa matatu wakiwa wameegemea dirisha, kisha baada ya siku chache safari inaanza tena.

Mimi niko umbali wa saa moja na ushei kutoka hospitali hiyo. Siku kadhaa kwa wiki nashika zamu katika kituo cha binafsi hapa mjini, kwa wale wanaoweza kulipa au ambao bima yao haijakwama. Mume wangu amerudi kwenye lokamu. Mtu aliyekuwa akimhudumia mgonjwa mmoja kwenye mashine sita kwa wakati mmoja sasa anapima presha na kuandika majina kwenye daftari la kliniki, na wagonjwa wanamwita daktari kwa sababu ni mwanamume. Hatusemi kazi hiyo ni ya aibu. Tunasema serikali imelipia mtambo, Uingereza imelipia mafunzo, mgonjwa yupo, muuguzi yupo, na kinachokosekana ni barua.

Kisumu, kwa bahati nzuri, ni mji unaojua habari za watu wa tiba wanaokuja kwa muda. Hospitali kuu ya rufaa, ile ambayo wazee hadi leo wanaiita Russia, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Na Juni 2018 mliwapokea madaktari 100 kutoka Kuba, mkawagawa kwenye kaunti. Kaunti ziliambiwa ziwatafutie nyumba, usafiri na ulinzi. Kila mmoja alikuja akijua anakaa muda gani, na kwamba kwao kuna kazi inayomsubiri. Mwaka 2023 mkasema mpango umekwisha, na ukaisha. Wako watu walioupinga, nami nilikuwa na maoni yangu, lakini angalieni: kumpangia mgeni mwanzo, makao na mwisho mliweza. Kwa nini mwenyeji anayekwenda kwa muda mnamwachia apange mwenyewe, na akirudi mnamwita mtoro?

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimekisikia ofisini. La kwanza ni kwamba mkiruhusu wenza wafuatane, wodi zitabaki tupu. Hilo ni kweli na silifanyii mzaha. Nilipoondoka, zamu zangu waligawana wenzangu ambao tayari walikuwa wamechoka, na hakuletwa mtu. Lakini mshahara wangu haukulipwa kwa muda wote huo. Ulikuwa kwenye bajeti ya kaunti, ukakaa. Kwa nini pesa hiyo isimwajiri muuguzi mmoja kati ya wale wanaotembea na vyeti kwenye bahasha, kwa mkataba wa muda ule ule wa likizo yangu, wenye tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza? Nasisitiza tarehe ya mwisho. Wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote wametufundisha kinachotokea mkataba ukirefushwa na kurefushwa: mwaka 2025 walikesha nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, wakidai waajiriwe kwa kudumu.

La pili ni kwamba wengi wakienda hawarudi, kwa hiyo mnamhifadhia nafasi nani? Ni kweli, wengi hawarudi. Wanaongeza viza, wanahamia Australia au Kanada, wanaleta watoto. Lakini wanaamua vipi? Wanawapigia simu waliotangulia kurudi. Nimepokea simu hizo nikiwa jikoni. Mwenzetu wa wodi, mtu wa Kakamega, mkataba wake unaisha na hospitali inamwomba aongeze, ananiuliza: "Huko mmepokelewaje?" Mnataka nimwambie nini? Hakuna tangazo la serikali litakaloshinda jibu langu kwenye simu ile, na jibu langu liko mikononi mwa bodi moja ya utumishi.

Kwa hiyo tunachoomba kifanyike hakihitaji sheria mpya ya Bunge. Baraza la Magavana na Wizara ya Afya waandike utaratibu mmoja wa likizo bila malipo kwa wahudumu wa afya wanaokwenda kwa mikataba ya serikali, na wenza wao walio kwenye utumishi, ili isitegemee afisa wa kaunti gani ameamka vipi. Likizo itolewe kwa urefu wa mkataba mzima, isikatwekatwe mwaka mwaka. Barua ikigongwa muhuri na isijibiwe kwa siku 30, ihesabiwe imekubaliwa. Kwa aliyekwenda akiwa hana kazi, kama mume wangu, kurudi na ujuzi wa wodi maalumu kumpe alama za ziada nafasi zinapotangazwa. Hatusemi aruke foleni, tunasema miaka yake ihesabiwe kama tajiriba, maana kwenye fomu ya maombi hakuna mahali pa kuiandika. Anayechangia pensheni ya kaunti apewe njia ya kuendelea kuchangia mwenyewe kutoka nje. Na Baraza la Wauguzi litusaidie kwa kuweka wazi ni mafunzo yapi ya nje yanayotambuliwa kwenye rekodi ya muuguzi, na kwa cheti gani, ili mtu akirudi apelekwe wodi inayofanana na alichojifunza. Kumrudisha muuguzi wa figo kwenye chanjo ya watoto ni kumnyima kila mtu, hata hao watoto, ambao wana wauguzi wao wanaoijua kazi hiyo kunishinda.

Kuhusu mimi, kaunti yangu ina faili. Nimeomba jibu la ndiyo au la, lenye sahihi. Likiwa la, nitajua pa kwenda. Simu kutoka Uingereza bado zinaingia, na mume wangu ameshaulizwa kama yuko tayari kurudi kabla ya majira ya baridi. Hatujawajibu. Tungependa kujibu tukiwa tumesikia kutoka kwenu kwanza.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri. Wako mke na mume wa Bungoma tunaowafahamu, vijana, wote wauguzi. Mume amepata nafasi ng'ambo na tarehe yake ya safari imekaribia. Mke yuko kwenye utumishi wa kaunti na ombi lake la likizo limelala kwenye meza fulani tangu mvua za masika. Juzi ameniuliza kama aandike ya kuacha kazi. Nimemwambia asubiri. Anachohitaji ni ukurasa mmoja wenye tarehe ya kuondoka, tarehe ya kuripoti, jina la kituo atakachoripoti, na sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuitia. Kama meza hiyo ni yako wewe unayesoma, ombi lake linaweza kujibiwa leo kabla ya saa kumi na moja.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa figo na mume wake, muuguzi wa wagonjwa mahututi
Kisumu